Siku Uliyonizimia Moteri

Riziki mwanangu,

Sianzi kwa salamu, maana tumeamka nyumba moja, na asubuhi hii umenipita hapa barazani ukaniambia "Bonjour, Papa" kama mtu anayesalimia mlango. Sikulaumu. Tangu siku ile mtoni, uliponizimia moteri ya mtumbwi huku nikikupigia kelele, sijakusemesha maneno yanayozidi "lete chumvi" na "fungia kuku". Kesho unapanda mtumbwi wa kituo cha afya kuteremka mto Lowa, na bado hujui nitasema nini bandarini.

Najua unachokingoja. Papa Zakaria, anayesimamia ule mtumbwi, ameshatuma neno. Kesho ataniuliza mbele ya watu: upewe moteri wewe peke yako, au wamweke mwanaume ashike mkono wa moteri, nawe ukae mbele kama msaidizi? Amesema atafuata neno la baba, kwa kuwa baba ndiye aliyekufundisha. Mama yako ameniuliza jibu langu mpaka amechoka. Nikamwambia aniache nifikiri. Akacheka akasema, "Wewe, kufikiri kwako iko kununa tu." Tumeoana miaka mingi, haya ameyazoea.

Sasa umekwenda kuaga wenzako wa kwaya na nyumba imetulia. Nimeshika kalamu kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaanza kufoka kabla sijafika popote. Unanijua.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za sala, wala za wanaume wa bandarini. Hayo mama yako ameshayafunga ndani ya mzigo wako pamoja na samaki wa moshi. Mimi nitakuandikia juu ya moteri na joto lake, na humo ndani utanikuta mimi mwenyewe, maana maisha yangu yote yamekuwa ni kuchelewa kuelewa jambo hilo moja.

Wewe ulizaliwa katika joto la msitu huu, baridi huijui. Ungeijua Kibabi ya ujana wangu, kule milimani! Asubuhi ukungu ulikuwa unakaa juu ya mashamba ya maharage mpaka jua lipande, na mtu hatoki nyumbani bila koti. Nilikuwa mtu wa moto, hizi pikipiki, nikipakia viazi, maharage, na wachimbaji waliokuwa wakienda Rubaya na kurudi wamepakaa udongo mpaka kope. Katika baridi ile moto haiondoki hivi hivi. Unaipiga teke, inawaka, unaiacha ingurume pale pale huku unakunywa chai, mpaka ipate joto. Sisi wenye moto tulisimama kwa duara, kila mmoja na kikombe chake, mikono tukiielekeza kwenye bomba la moshi tuote. Pale ndipo tulipopeana habari zote: nani ameoa, barabara gani imekatika, nani kaanguka na mzigo wa nani. Sijapata tena marafiki kama wale. Wengine wamekufa, wengine wako kambi za wakimbizi, wengine sijui. Nikisikia moto ikinguruma asubuhi bila kuondoka, mpaka leo moyo unanishika.

Shamba la babu yako lilikuwa juu ya kilima. Ukisimama mwisho wa mistari ya maharage unaona vilima vingine, kimoja nyuma ya kingine, na ng'ombe wa watu kama punje za mahindi zilizomwagika. Nilipokuwa mtoto nililichukia kwa sababu ya kupalilia. Sasa nalitembelea karibu kila siku, nikiwa nimekaa tu hapa.

Namna nilivyofika hapa Walikale unaijua kwa mdomo wa mama yako, naye huisimulia vibaya ili watu wacheke. Nilileta mzigo wa fromage, jibini ya kwetu Masisi, mviringo juu ya mviringo, nimezifunga vizuri kwa majani. Nyuma yangu mapigano yakafunga barabara. Nikakaa nikingoja ifunguliwe, na fromage hazikungoja. Mama yako alikuja sokoni na kikapu, akanusa, akauliza, "Papa, uko nauzisha nini? Ilikufa lini?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikasirika sana, halafu nikaanza kutafuta kila siku mahali atakapopita. Barabara ilipofunguliwa, wenzangu walirudi, mimi nikawa na sababu ya kubaki.

Baba yangu alipofariki, fungu langu lilikuwa lile shamba. Nikaliuza, nikauza na moto, nikanunua moteri ya mtumbwi. Kibabi wote walisema mtoto wa fulani amekwenda kulima maji. Mimi niliona mbali, au nilidhani naona mbali: huku barabara ni matope na madaraja yaliyooza, mto ndio njia, na mwenye moteri ni mtu.

Asubuhi ya kwanza nilifunga moteri yangu mpya juu ya mti wa kuiegeshea, pale pale ukingoni pakavu, mbele ya bandari nzima. Wakwe walikuwepo. Nikavuta kamba, ikanguruma vizuri, sauti ikaenda mpaka ng'ambo. Nami nikafanya nilichofanya kila asubuhi ya maisha yangu. Nikakunja mikono, nikaiacha ipate joto. Nikaomba chai.

Mjomba wako Anakleti, ambaye alikuwa mtu wa kafi tangu utoto na hakuwa na moteri hata ya kusagia, alikuja mbio.

"Shemeji, maji yake iko wapi?"

"Acha kwanza ipate moto," nikamjibu, nikipuliza chai yangu.

"Ipate moto tena? Ile iko na kiu! Zima!"

Nikamwambia asinifundishe mashine, mimi ni mtu wa mashine. Nilipomaliza kikombe, harufu ya mpira unaoungua ilikuwa imefika mpaka kwa mama mkwe. Mzoea punda hapandi farasi. Sasa unajua kwa nini wazee wa bandarini wananiita Papa Chai, na kwa nini sipendi ukicheka wakiniita hivyo. Cheka tu. Leo nakuruhusu.

Moto inapozwa na upepo. Moteri ya mtumbwi inakunywa mto. Ndani ya mguu wake mna turbini, kile kigurudumu cha mpira, na kazi yake ni kuvuta maji kutoka chini na kuyapandisha mwilini mote, kisha yatoke kwenye kitundu cha pembeni. Mpira ule ukizunguka bila maji hauna muda, unaungua. Nilipokuonyesha mara ya kwanza ule mchirizi, nikakuambia moteri nzima ni ile inayokojoa, ulicheka mpaka ukakaa chini mtumbwini, ukaenda kumwambia mama yako kwamba Papa amesema neno baya. Baada ya hapo hukuacha kuangalia. Ulikuwa bado hufiki kwenye mkono wa moteri, lakini ulikaa nyuma ukitazama maji yale, na yakipungua unanivuta shati.

Yale ya chai nimeyasamehe, maana yalikuwa ya ujinga, na ujinga una dawa. Nilinunua turbini nyingine nikajifunza. La pili ni zito zaidi. Umelisikia vipande vipande, sasa nakupa lote.

Ilikuwa kiangazi, mama yako ana mimba yako. Nimeshazoea mto na nimepata jina. Nilikuwa nimepakia watu wanaotoka machimbo ya Omate, wachimbaji, wana furaha yao, wanataka kufika sokoni kabla ya mtumbwi mwingine uliokuwa mbele yetu. Maji yalikuwa machache. Mahali pa mchanga mtu mwenye akili huinua mguu wa moteri, akapita kwa mti na kafi. Mimi nilipita nikinguruma, mchanga ukachemka nyuma yetu, na watu wakapiga makofi.

Halafu mchirizi ukawa mwembamba. Niliona, Riziki. Sitaki ufikiri kwamba sikuona. Nilitazama, nikaona maji yanatoka kidogo na moshi wa mvuke ndani yake, na mkono wangu ukaenda kwenye kizimio. Wakati ule ule wakaanza, "Papa, ongeza! Papa, ule muntu asitushinde!" Anakleti, aliyekuwa mbele na kafi, akageuka akanitazama. Nikaongeza.

Sauti ilibanwa kwanza, kama mtu anayekazana kuinua gunia, halafu ikakatika. Hata pale palikuwa na matumaini. Moteri iliyopata joto ukiizima na kuiacha, mara nyingine husamehe. Lakini mimi nilichukua bakuli, nikachota maji ya mto, nikaimwagia kichwani, vile unavyompoza mtoto mwenye homa. Anakleti alipiga kelele "Hapana!" na kabla neno halijaisha tukasikia chuma kinapasuka. Sauti ndogo tu. Shamba la baba yangu, na mistari yake yote ya maharage, liliishia katika sauti ile.

Hakuna aliyekufa. Mto ulituchukua ukatutupa kwenye miti, watu wakatembea kwa miguu, wakinitukana. Nilikaa ukingoni nikalia kwa sauti, mwanaume mzima. Mama yako alikuja akakaa kando yangu na tumbo lake mpaka giza likaingia. Mpaka leo simjui mwanamke mwingine ambaye angeweza kunyamaza siku ile.

Miaka mingi tulipiga kafi. Moteri unayoijua wewe, ile kuukuu, tuliipata baadaye mimi na Anakleti pamoja, na wewe ulikua juu yake. Ile ndiyo miaka ninayoililia nikiona mzigo wako mlangoni. Ulikuwa unalala juu ya magunia ya mpunga, unaamka ukisikia naizima. Unachomoa majani kwenye tundu za kuvutia maji kwa vidole vyako vidogo. Unatafuta waya wa baiskeli wa kuzibulia kile kitundu, na siku zote ulikuwa nao wewe, umeuficha kwenye nywele. Tukirudi kutoka maji ya matope, ulikuwa hukubali tufunge moteri mpaka tupite mlango wa kijito cha maji safi, inywe pale kidogo, isukutue. Nilikuwa nimechoka, nataka kwenda kula, nawe unanishika mkono, "Papa, ngoja isukutue." Sikujua kwamba nilikuwa na raha.

Basi ninakwambia lile nililojifunza kwa bei ya shamba. Mchanga ulianza tu. Aliyemaliza moteri yangu ni mdomo wa watu na sikio langu. Kujua kwamba moteri ina joto si kazi, hata mtoto anaweza kuona. Kazi ni kuizima wakati kila mtu ndani ya mtumbwi anataka uendelee. Nilidhani nimelijifunza jambo hilo, na nimekuwa nikilihubiri bandarini miaka yote hii.

Ndipo ikaja siku ile ya juzijuzi.

Mama yako alikuwa na homa mpaka akaacha kutujua. Alikuita jina la marehemu mama yake. Tulimlaza juu ya godoro katikati ya mtumbwi, Anakleti mbele, wewe nyuma, mimi nimemshika kichwa, tukapandisha mto kwenda hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, na maji yalikuja na majani, miti na kila takataka ya masoko ya juu. Moteri ilikuwa inasukumana na mto mzima.

Ukasema, "Papa, haiko nakojoa."

Nikasema, "Endesha."

"Papa, haiko nakojoa hata kidogo."

"Endesha! Tumekaribia! Mama yako anakufa!"

Ukazima.

Nataka ujue nilichosikia mimi. Nilisikia kimya, halafu nikasikia maji, halafu nikaona miti ya ukingoni inaanza kwenda mbele yetu. Tulikuwa tunarudi nyuma. Kila mti niliokuwa nimeuhesabia uzima wa mama yako ulikuwa unaniacha. Nilikutukana. Maneno yale sitayaandika, uliyasikia, na sitasema kwamba sikuyakusudia, maana wakati ule niliyakusudia yote. Anakleti alishika tawi, mtumbwi ukasimama. Wewe ukainua mguu wa moteri, ukaingiza mkono, ukavuta tonge la majani lililofungwa na kipande cha gunia. Ukazibua kitundu. Nikasema haya, washa sasa. Hukuwasha. Uliweka kiganja karibu na kichwa cha moteri, ukakiondoa, ukakaa.

Mama yako akalia. Mimi nikachukua bakuli nikachota maji.

Ukanishika mkono. Huna nguvu za kunishinda, lakini ulinishika, ukaniambia polepole, kama unasema na mtu aliyelala, "Papa, ile ulishafanyaka. Tuache ipoe."

Nikaweka bakuli chini.

Mengine unayajua. Ulipovuta kamba iliwaka, ikakojoa vizuri, tukafika, wakampa dawa. Sasa yuko jikoni anamenya ndizi, na ameniambia nikimaliza kuandika nikatafute kuni kama watu wengine.

Watu wanadhani nimenuna kwa sababu mtoto wa kike alinizimia moteri mbele ya shemeji. Nawe unadhani hivyo. Hapana, mwanangu. Niliona haya, na haya kwa mtu wa umri wangu hufanana sana na hasira. Tunawaambia watoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku ile asiyesikia alikuwa mkuu mwenyewe. Halafu chini ya haya mna kitu kingine, na hicho ndicho kilichonifunga mdomo. Niliogopa. Nilikutazama umekaa pale nyuma, kiganja kwenye chuma, mama yako analia, baba yako anatukana, na nikaona kwamba kazi yangu kwako imekwisha. Nilifikiri bado nina miaka.

Huko unakokwenda utabeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa, na waume zao watakaa pale nilipokuwa nimekaa. Watakuambia wewe ni mtoto, wewe ni mwanamke, wewe huna roho. Usiwachukie. Mtu aliyeshika kichwa cha mgonjwa wake hana masikio, nami nimekuwa mtu huyo. Usijibizane naye, usimweleze habari za turbini. Zima, fanya kazi yako, ngoja ipoe, mfikishe. Kama ana adabu atarudi kukushukuru. Kama ni kama mimi, atakuandikia barua.

Asante, Riziki. Umenirudishia mama yako. Ningepaswa kulisema hilo siku ile ile, palepale ukingoni.

Kuhusu kesho, nimeshayapanga maneno yangu, na nayaandika hapa ili hasira isije ikayaharibu. Papa Zakaria akiniuliza mbele ya watu kama upewe moteri peke yako au wamweke mwanaume juu yako, nitamjibu hivi:

"Papa Zakaria, mama yake alikuwa nalia ndani ya mutumbwi, na mimi baba yake njo nilikuwa namutukana aendeleye, na alizima. Kama unajua mwanaume mwenye anaweza fanya vile, umulete. Atamusaidia kubeba mizigo."

Papa yako